Marashi ya Kisiwa Kisichotajwa Jina

Kiswahili kimejaaliwa vitenzi viwili mahali ambapo lugha nyingi huridhika na kimoja. Kitu hunuka, na kitu hunukia. Samaki aliyelala hunuka, asumini hunukia. Tofauti yao ni irabu moja tu, lakini mtu wa pwani hawezi kuikosea, kwani ndani yake mna adabu nzima ya maisha: jinsi ya kumpokea mgeni, jinsi ya kumtoa bibi harusi, jinsi ya kumsitiri maiti. Hata azma ya mtu tumeipima kwa harufu njema. Anayelitaka jambo kwa moyo wake wote hulitafuta kwa udi na uvumba.

Makala haya yanaifuata harufu moja, ile iitwayo ya kisiwa, na kuuliza ilitoka wapi na ilimgharimu nani. Ili tuione vyema, tuanze mbali na bahari. Nyakato ni kitongoji cha viwanda upande wa mashariki wa jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Hata hivyo, katika maduka ya vipodozi ya vitongoji kama hicho, kama katika miji mingine ya Afrika Mashariki, haikosekani chupa yenye picha ya mnazi ulioinamia maji ya buluu, ua jekundu pembeni, na maneno yanayoahidi matunda, maua na mapumziko ya kisiwani. Kisiwa chenyewe hakitajwi jina. Hakina mji, hakina watu, hakina historia. Kina pepo tu.

Jambo hili lingekuwa dogo lau anunuaye chupa hiyo angekuwa mtu asiyejua visiwa. Lakini mkazi wa Nyakato anaishi jirani na Ukerewe, kisiwa kikubwa kupita vyote katika Ziwa Viktoria, na Ukara, na Kome, na Saanane iliyo karibu kabisa na mji. Ukerewe ndiko alikozaliwa Aniceti Kitereza mwaka 1896, na ndiko alikoandika kwa Kikerewe, akamaliza mwaka 1945, riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo ilingoja zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuchapwa kwa Kiswahili. Watu wa ziwa wanavijua visiwa vyenye mashamba, mihogo, dagaa, misiba na vitabu. Kisiwa cha kwenye chupa si hiki wala si kile. Basi ni kipi?

Jawabu la kwanza ni kwamba harufu ya kisiwa ina asili ya kweli, na sehemu yake moja iko kwetu. Tangu kale pwani hii imejulikana kwa vitu vinavyonukia. Al-Mas'udi, mwanajiografia wa Baghdad aliyesafiri hadi pwani ya Zanj mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika juu ya ambari iliyopatikana katika maji ya pande hizi. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, huelea baharini na kutupwa ufukweni, na tangu hapo hugeuka kuwa miongoni mwa vitu ghali vya mtengeneza manukato. Ubani ulishuka kutoka nchi ya Wasomali na Dhofari. Udi ulivuka kutoka Bara Hindi na nchi zilizo mashariki yake. Maji ya waridi yalikuja na majahazi ya Uajemi na Uarabuni. Maneno yenyewe yanatupa ramani. Uturi na marashi ni maneno tuliyopewa na Kiarabu, na marashi yana asili ya tendo la kunyunyiza, ndiyo maana chombo chake chenye shingo ndefu tukakiita mrashi. Manukato ni letu la Kibantu, limezaliwa na kunuka na kunukia. Langilangi limetoka mbali kupita yote: ni jina la Kitagalogi cha Ufilipino, ambalo lilibebwa na Wazungu pamoja na mti wake hadi katika Bahari yetu ya Hindi.

Wanawake wa pwani hawakuvipokea vitu hivi kama wateja wanavyopokea bidhaa. Walivifanyia kazi, wakavitungia kanuni. Udi haukuchomwa tu chetezoni. Ulipikwa kwa sukari na mafuta ya kunukia, ukatoa moshi mzito wa kufukiza kanga na nywele. Liwa ilisagwa, dalia ikakorogwa, singo ikatengenezwa kwa ajili ya mwili wa bibi harusi. Asumini na rihani, mkadi na kilua, vilishonwa pamoja kuwa kikuba cha kuvaliwa kifuani. Kikuba huishi siku moja. Kesho yake hunyauka, na lazima kitungwe kingine. Ustadi huu ulipita kutoka kwa somo hadi kwa mwari, bila chupa na bila kibandiko.

Mwana Kupona binti Mshamu aliuingiza ustadi huo katika utenzi wake maarufu, aliomwandikia binti yake mwaka 1275 wa Hijria, unaolingana na 1858. Katikati ya nasaha za dini na ndoa anamhimiza mwanawe asiache kuoga, kujisinga, na kutunga asumini. Msomaji wa leo anaweza kubishana na mafundisho ya utenzi ule juu ya utiifu wa mke. Wengi wamebishana nayo. Lakini jambo moja halina ubishi: kwa mshairi huyu, kunukia ni elimu, na inastahili kurithishwa kwa vina na mizani kama elimu nyingine yoyote.

Mwaka huohuo wa 1858, tarehe 3 Agosti, John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa kubwa, katika nchi ambako sasa pana jiji la Mwanza, akalipa ziwa jina la malkia wake. Hakufika kwa maarifa yake peke yake. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Kaze, karibu na Tabora ya leo, walikwisha kusikia habari za ziwa hilo na ndio waliomweleza. Pamoja naye alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa huru. Misafara ilipanda bara kutoka Bagamoyo na nguo za merikani, shanga na nyaya. Ikateremka na pembe za ndovu, na pia na watu. Hapa ndipo historia ya harufu inapokutana na historia ya jasho.

Kwani katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 kisiwa cha Unguja, na baadaye Pemba, vilipandwa mikarafuu. Mti huu si wa kwetu kwa asili; kwao ni visiwa vya Maluku, upande wa mashariki wa Indonesia. Ulihamishwa na Wafaransa hadi Mauritius na Réunion katika karne ya 18, na kutoka huko ukafika Zanzibar. Chini ya Sayyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia utawala wake kutoka Maskati hadi Unguja, ukaenea kwa kasi, na kabla karne haijaisha Zanzibar ikawa muuzaji mkuu wa karafuu duniani. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama, na tangu hapo Pemba imekuwa mama wa zao hili. Ndiyo maana hadi leo anayekaribishwa Pemba huambiwa amefika penye marashi ya karafuu.

Msifu karafuu hana kosa, lakini na amalize sifa zake. Mashamba yale yalipandwa, yakapaliliwa na kuchumwa na watumwa, waliotolewa bara, kutoka pande za Ziwa Nyasa, Manyema na kwingineko. Biashara ya kuwasafirisha watumwa kwa bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873 alioutia saini Sultan Barghash. Utumwa wenyewe haukufutwa Unguja na Pemba hadi 1897. Na masuria, yaani wale wanawake ambao katika hadithi za majumba ya kifalme wamezungukwa na miski na udi, hawakuhusika na amri ile mpaka 1909. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, naye alizikumbuka harufu za nyumba ya baba yake kwa mapenzi ya mtu aliye ugenini. Mama yake mwenyewe alikuwa suria, aliyeletwa kutoka nchi ya Waserkasi. Harufu njema na utumwa vilikaa katika ua mmoja, na aliyevieleza alizaliwa humo.

Utumwa ulipofutwa, karafuu hazikukoma kuhitaji mikono. Miongoni mwa waliovuka bahari kwa ajili ya kupalilia mashamba katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 walikuwa vibarua kutoka bara, hasa Wanyamwezi, ndugu na majirani wa Wasukuma wa Mwanza. Kwa hiyo anapotokea mtu kusema kwamba marashi ya kisiwani ni mageni kwa watu wa kanda ya ziwa, na ajibiwe hivi: watu wa bara hawakuyajua marashi hayo kwa kuyapaka tu, wengine waliyajua kwa jembe.

Karafuu nayo haikuishia chunguni. Mafuta yake yana kitu kiitwacho eujenoli, na wakemia wa Ulaya, baada ya kufaulu kuiunda vanilini, yaani kiini cha harufu ya vanila, mnamo 1874, waligundua njia ya kuitoa katika eujenoli. Kwa miaka mingi, kabla ya njia nyingine rahisi kupatikana, vanila bandia ya viwandani ilitokana na mafuta ya karafuu. Yumkini mpita njia wa Paris aliyejipaka manukato matamu mwanzoni mwa karne iliyopita alibeba mwilini mwake kitu cha Bahari ya Hindi bila ya kujua. Pemba yenyewe ilipata kiwanda chake cha kukamulia mafuta huko Wawi, karibu na Chake Chake, ambako makonyo ya karafuu, yaliyokuwa yakitupwa au kuuzwa kwa bei ya chini, hutolewa mafuta.

Sasa tuje kwenye ua ambalo ndilo roho ya marashi mengi ya maua na matunda: langilangi. Ua hili la manjano, lenye petali ndefu zilizojisokota, lina utamu unaokaribia ule wa ndizi mbivu, na chini ya utamu huo mna asumini na viungo. Mtengeneza manukato akitaka kutuonyesha kisiwa, mara nyingi hulianza hilo. Mti wake ulipandwa Réunion, kisha Nosy Be na Komoro, na katika karne ya 20 Komoro vikawa mzalishaji mkuu wa mafuta yake duniani. Ernest Beaux alipotunga Chanel No. 5 mwaka 1921, langilangi lilikuwa miongoni mwa maua aliyoyategemea. Visiwa vya jirani zetu, wanaosema lugha iliyo dada wa Kiswahili, vikaingia katika chupa maarufu kuliko zote, na jina la Komoro halikuandikwa juu yake.

Kazi ya langilangi ni nzito kuliko jina lake. Mti ukiachwa hukua mita ishirini na zaidi. Kwa hiyo hukatwa kilele, matawi yakapindwa na kulazwa ili mchumaji ayafikie akiwa amesimama chini. Wachumaji, wengi wao wanawake, hutoka alfajiri, kwani jua likipanda harufu hupungua. Maua hayangoji. Siku hiyohiyo hutiwa katika mtungi mkubwa wa chuma au shaba, yakapitishiwa mvuke kwa saa nyingi, hata kutwa na kucha. Mafuta ya saa za mwanzo ndiyo bora na hupewa daraja la juu. Yanayofuata hushuka daraja, na ya mwisho huishia katika sabuni. Kilo moja ya mafuta hudai maua ya kilo hamsini hivi, na hudai kuni nyingi. Kisiwani Nzwani, kuni za mitungi hiyo zimekuwa mojawapo ya sababu za misitu kutoweka na mito kukauka. Hii ni aya ya uchungu, lakini haifai kurukwa: harufu inayouzwa kama pumzi ya kisiwa cha kijani imesaidia kukivua kisiwa kijani chake.

Na yale matunda yaliyoahidiwa katika chupa? Hayo kwa kawaida hayakutoka shambani. Embe, nazi na pichi hazikubali kukamuliwa zikatoa mafuta ya kunukia kama ua linavyotoa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakemia waliunda vitu viwili ambavyo wafanyabiashara waliviita, kwa jina lisilo sahihi kikemia, aldehidi C-14 na aldehidi C-18. Ya kwanza hunukia pichi, na Guerlain waliitumia katika Mitsouko mwaka 1919. Ya pili hunukia nazi. Hadi leo mnazi unaouona kwenye kibandiko aghalabu umetoka maabara. Simlaumu mkemia, kwani naye ni fundi kama mpika udi. Lakini ni vyema mnunuzi ajue kwamba amenunua utungo, si kisiwa.

Harufu za pwani zilifikaje kwenye ufuko wa ziwa? Hazikuingoja chupa hiyo ya picha. Zilipanda na misafara, katika mizigo ya watu waliotaka kusali Ijumaa na kuoza mabinti wao kwa ada waliyoijua. Reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za pwani zikapata meli za kuzivusha hadi Mwanza. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikaingia Mwanza, na Dar es Salaam ikawa safari ya siku, si ya miezi. Kwa njia hizo walikuja makarani, mafundi, wachuuzi wa Kihindi na wanawake wa pwani, pamoja na kanga, ubani, asumini na maji ya waridi ya Maulidi. Mji huu ulikuwa na harufu zake: mafuta ya ng'ombe ya kupaka mwilini, moshi wa dagaa, vumbi la pamba, na upepo wa ziwa. Zile za pwani hazikuzifuta hizi. Zilikaa nazo, kila moja katika saa yake.

Hapa tunaweza kulirudia swali letu. Tukihesabu vitu vya kwenye chupa, tunakuta ajabu. Nanasi na pasheni asili yao ni Amerika. Embe ni la Bara Hindi. Langilangi ni la Ufilipino na jirani zake, karafuu ni ya Maluku, asumini ni ya Asia, vanila ni ya Meksiko, na ilishindwa kuzaa kwa wingi katika bahari yetu hadi Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, alipoonyesha mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, namna ya kulichavusha ua lake kwa mkono. Hakuna kisiwa duniani kilichozaa vitu hivi vyote. Viliwekwa pamoja na mabaharia, mabwana, watumwa, vibarua na wanawake waliotunga vikuba. Harufu ya kisiwa, kwa hakika yake, ni harufu ya safari. Kisiwa hicho cha chupa kisicho na watu kimejengwa na watu wengi mno.

Na safari za visiwani si mapumziko kwa kila mtu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba ilizama karibu na Nungwi na kuua mamia ya watu. Jina lake lilikuwa Spice Islander, mwana wa visiwa vya viungo. Miaka saba baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia Ukara, na zaidi ya watu mia mbili wakafa ndani ya ziwa. Na Mwanza ilikwisha kulia kilio kama hicho tarehe 21 Mei 1996, kwa MV Bukoba. Mpemba na Mkerewe hawajapata kukutana kwenye kibandiko cha manukato, lakini wanakutana hapo: kwa wote wawili kisiwa ni nyumbani, na bahari au ziwa ni njia ya sokoni, ya hospitali na ya shule, njia ambayo mara nyingine haimrudishi mtu.

Kwa nini basi tusiitupe chupa? Kwa sababu furaha ya kunukia si uongo. Msichana wa Nyakato anayejipulizia marashi kabla ya kwenda harusini anafanya lile ambalo Mwana Kupona alimtakia binti yake, na hakuna haja ya kumwonea haya wala kumhubiria. Kinachotakiwa ni kuirudishia harufu hiyo majina yake. Kizuri chajiuza, walisema wahenga; lakini kizuri hiki kimeuzwa kwa muda mrefu bila ya kutajwa waliokitengeneza. Na tuwataje: mchumaji wa Nzwani aliyeamka alfajiri, kijana Albius na ua lake, mpaliliaji wa Kinyamwezi katika shamba la Pemba, suria aliyengoja hadi 1909, somo aliyejua kipimo cha udi na sukari. Tukiwajua hao, tunaweza kuifungua chupa, tukanusa, na tukajua kwamba kinachotunukia ni kazi ya mikono yao.